Mwaka wa Sahani Zinazovuja

Asubuhi ile msichana wangu wa jikoni alinijia na sahani mkononi, amekunja uso, akaniambia, "Mama, hii inavuja. Niitupe?" Nilikuwa nimekaa mlangoni pa hoteli yangu hapa Lizaboni, mjini Songea, nachagua maharage. Nikaitazama. Ilikuwa sahani ya bati, nyeupe yenye ukingo wa buluu, ya aina ambayo vijana wa siku hizi hawaitaki kwa kuwa inawakumbusha hospitali. Katikati palikuwa na tundu dogo. Nikamwuliza limetoka wapi, akasema hajui, jana aliiosha ikiwa nzima, leo kwa haraka zake ametia mchuzi ukamwagikia miguuni. Kutu, nikasema moyoni. Bati likizeeka hutoboka, na mimi kazi ya kulisha watu nimeifanya zaidi ya nusu karne, nalijua bati. Lakini sahani ile haikuwa ya wageni wote. Ilikuwa ya Nakomba, rafiki yangu wa Hanga, ambaye kila akija mjini hula kwangu na kila mara hukataa sahani za kauri. Nikaipokea, nikaifuta kwa kanga yangu, nikamwambia msichana haitupwi, aniletee maji ninawe. Mchana, basi la kutoka Namtumbo lilipofika, akashuka mjukuu wa Nakomba, amefunga kitambaa cheusi mkononi. Alipofungua mdomo nilikuwa nimeshaanza kulia.

Mimi si mtu wa mizimu. Nimebatizwa, nasali, na nimeendesha hoteli muda wa kutosha kujua kwamba kelele nyingi za stoo ni panya, na zilizobaki ni wafanyakazi. Lakini kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao sijapata kuuweka sawa kichwani, nao ndio ulionipa kazi hii. Watu huniuliza nilisomea wapi mambo ya hoteli, maana meza zangu zimenyooka, na hakuna anayekula kwangu kabla hajamiminiwa maji mikononi, awe mkuu wa wilaya au mpiga debe. Wengine hudhani nilifunzwa na masista. Mimi huwajibu kwamba nilisomea Ulaya, wakacheka, nami nikacheka nao. Nilisomea hapahapa Songea, mwaka wa Maji Maji, katika nyumba ya Bi Zaina.

Bi Zaina alikuwa Myao wa Tunduru, mjane wa mfanyabiashara wa misafara, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya boma la Wajerumani, pale njia ya misafara ilipopinda. Ilikuwa na ukumbi mrefu wenye dirisha moja tu, meza ya mninga ambayo watu wanne hawakuweza kuiinua, stoo yenye giza hata jua likiwa utosini, na jiko nje, chini ya paa la nyasi. Kabla ya vita alilisha wapagazi na wachuuzi. Vita vilipofika Ungoni, mpishi wa maofisa alitoroka, na boma likaichukua nyumba ile pamoja na mwenyewe ndani yake. Ofisa aliyesimamia mambo ya chakula, mtu mrefu tuliyemwita Bwana Miwani, alileta kasha la majani makavu lililojaa sahani za bati, nyeupe zenye ukingo wa buluu, akasema kuanzia siku ile wazungu watakula pale na Bi Zaina atawapikia. Hakuulizwa kama anataka. Vyungu na bakuli zake za mti vilikuwa vimevunjwa na askari siku boma lilipoingia, kwa hiyo nyumba nzima ikawa haina chombo kingine cha kulia.

Nilifika kwake nikiwa mwali wa kuolewa asiye na wa kumwoa. Wanaume walikuwa wamekufa, au wako porini, au wamefungwa ndani ya boma wakingoja kamba. Nilimkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unajua kupika?"

"Ugali na mboga."

"Hayo hata mbuzi angejifunza. Unajua kunawisha?"

Nilidhani ananitania. Kumbe ndipo shule ilipoanzia. Alinipa birika mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, kitambaa juu ya kiwiko, akanifanya nimmiminie yeye mwenyewe mpaka mabega yakaniuma. Maji yashuke kama uzi, alisema, yasirukeruke. Usimtazame mgeni usoni, mtazame mikono. "Uso umefundwa kudanganya, mwanangu. Mkono hakuna aliyeufunda. Utakuambia mtu ana njaa, au ana hofu, au ametoka kuzika." Nimewafundisha wasichana wengi maneno hayo, nao huyachukulia kuwa busara za kizee. Mimi niliyajaribu siku ileile kwa Bwana Miwani, na mikono yake ilikuwa safi, myeupe, ya baridi, na haikuniambia chochote. Hilo ndilo lililonitisha.

Sitasimulia vita, waliovipigana wamekwisha simulia. Nitasema tu jinsi vilivyonuka. Nje ya nyumba yetu palinuka moshi wa maghala, maana boma lilichoma chakula cha watu makusudi, na wanawake walipita njiani na vikapu vya ming'oko waliyoichimba porini, midomo imewakauka. Ndani palinuka supu ya kuku. Nilikuwa nikivuka kizingiti kile mara nyingi kwa siku, sahani mkononi, na kila nikivuka nilijiona mtu wa nchi mbili. Nilishiba mwaka ule. Nimeona aibu ya kushiba, na ni aibu isiyokwisha mpaka leo, ndiyo maana hotelini kwangu makombo hayatupwi kabla mwenye njaa hajaulizwa.

Kisha ikaja siku ya mvua ambayo boma liliagiza chakula cha wafungwa. Wakubwa wa Kingoni waliokamatwa walikuwa wamehukumiwa, na asubuhi yake wangenyongwa. Bwana Miwani alikuja mwenyewe jikoni, miwani imejaa matone, akasema wapikiwe vizuri, wali na nyama, na wapelekewe katika sahani za nyumba. Bi Zaina akauliza, "Zote, bwana?" Akajibu, "Zote zinazohitajika." Zilihitajika zote. Tukapika kama watu wa harusi, hatusemi. Tulipofika mlango wa gereza tukamkuta shaushi, mkubwa wa askari, mtu wa mbali aliyezungumza Kiswahili kwa kukatakata. Akapokea sahani moja moja na kuzipitisha ndani. Nilikuwa nimechukua birika langu na beseni, kwa mazoea. Akaliona birika, akaweka bunduki yake mbele yangu.

"Hilo nini?"

"Maji ya kunawa," nikasema.

"Maji haingii humo."

Nikaelewa. Dawa ya vita ilikuwa maji. Watu walinyunyiziwa maji ili risasi ziwageukie kuwa maji, na ingawa risasi hazikugeuka, askari wote walikuwa bado wanaogopa kibuyu cha maji kuliko mkuki. Nilisimama pale na birika langu, mvua inanyesha, maji kila mahali, na yaliyokatazwa yalikuwa haya yangu tu. Halafu kutoka ndani sauti ya mtu mzima ikasema, si kwa hasira, kama mtu aliyekaa barazani kwake: "Binti, tunawishe basi." Shaushi akanisukuma. Bi Zaina akanishika mkono, tukarudi. Jioni sahani zikarudishwa zimepangwa moja juu ya nyingine, safi, hazina hata punje. Walikula bila kunawa. Mtu wa Ungoni, mkubwa wa watu, alikula chakula chake cha mwisho na mikono ya gerezani. Wakanyongwa, wakazikwa nyuma ya boma katika shimo moja, na askari akawekwa hapo ili watu wasiende kulia. Sahani zikarudi rafuni, na adhuhuri ya siku ya pili wazungu wakala humo.

Nakomba alikuja mvua zikiwa bado kali. Alikuwa amenizidi miaka michache, mwembamba, kichwa kimenyolewa. Aliomba kuosha vyombo. Bi Zaina akamwuliza kwao ni wapi, akasema kumeungua. Siku zile jibu hilo lilitosha. Alikuwa mfanyakazi mzuri, mkimya kupita kiasi, na alikuwa na tabia moja iliyonikera: kila sahani aliyoiosha aliigeuza, akaitazama nyuma na mbele, kama mtu anayetafuta alama. Nami, kwa kuwa ukimya haujapata kuwa rafiki yangu, nilimsimulia mambo ya nyumba. Siku moja tunamenya viazi nikamsimulia chakula cha wafungwa, birika langu, na ile sauti.

"Kwa hiyo hawakunawa," akasema.

"Hawakunawa."

"Na walikula katika hizi."

"Katika hizi. Hatuna nyingine."

Akaendelea kumenya. Mikono yake ilitulia kabisa, na mimi niliyefundwa kutazama mikono sikuona kitu.

Siku chache baadaye Bwana Miwani alikuwa anakunywa supu, adhuhuri, ukungu wa milima ya Matogoro umeshuka mpaka mlangoni. Nilisimama ukutani na kitambaa changu. Nikaona doa linatokea kwenye kitambaa cha meza, chini ya sahani yake, likikua taratibu. Naye aliliona. Akainua sahani, supu ikamchuruzikia mapajani, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Katikati palikuwa na tundu. Nilikuwa upande wa pili, na katika tundu lile nikaliona jicho lake na kioo cha miwani, linanitazama. Nimetazamwa na watu wengi katika kazi hii, walevi, wakaguzi wa afya, wanaume wenye nia zao. Hakuna jicho lililonifanya nisahau kupumua isipokuwa lile.

"Nini hii?"

"Bati limechoka, bwana," akasema Bi Zaina kutoka mlangoni, akaiondoa sahani.

Wiki ile ikavuja nyingine, mezani kwa mzungu aliyekuwa akipita kwenda Tunduru. Kisha nyingine. Tundu lilikuwa palepale kila mara, katikati kabisa, kubwa kadiri ya msumari. Askari wakaanza kunong'ona. Walisema walionyongwa bado wanakula. Walisema ukila chakula chako cha mwisho na mikono michafu hukimalizi, unabaki ukikwangua, na wale walikuwa wamekwangua mpaka bati limetoboka. Shaushi aliyekuwa akiingia jikoni kudokoa nyama bila hodi sasa alisimama nje, akaita. Bi Zaina alisoma dua zake na kufukiza udi. Mimi nilianza kusikia mlio. Ulikuja alfajiri, ukungu ukiwa mzito, ko, ko, ko, polepole, kutoka upande wa stoo. Mara ya kwanza nilikuwa natandika meza, na mdomo wangu, kwa mazoea ya kazi, ukajibu wenyewe: "Karibu." Mlio ukakoma papo hapo. Nikabaki nimesimama, uma mkononi, nikisubiri mlango ufunguke. Haukufunguka. Bi Zaina alikuwa nyuma yangu, alikuwa amesikia yote, akanipiga kofi la begani.

"Usimkaribishe usiyemwona," akanong'ona. "Hata mlangoni kwako mwenyewe. Ukishasema karibu, huwezi kumwambia toka."

Kipupwe kikaingia. Hapo ndipo Bwana Miwani alipotuita sote watatu ukumbini, akaketi, sisi tumesimama. Kiswahili chake kilikuwa kizuri alipotaka kiwe. Alisema mgeni mkubwa anakuja kutoka pwani, mkubwa wa wakubwa wa hapa, na atakula pale. Alisema matundu haya si kutu, ameyatazama, yamepigwa kutoka ndani kwenda nje. Ni dawa mpya, inaanza kama ile ya kwanza ilivyoanza, kwa kitu kidogo kisicho na maana. Ikivuja sahani moja tu mbele ya mgeni, hatauliza nani. "Kamba ipo," akasema, akiwa ananyoosha kitambaa cha meza kwa vidole vyake safi. "Walioko jikoni, wote." Niliogopa, sifichi. Bi Zaina alitazama chini. Nakomba alitazama rafu ya sahani.

Asubuhi iliyofuata niliamua kuufuata ule mlio, kwa kuwa nilikuwa na shingo moja tu na niliipenda. Haukutoka stoo. Stoo ilikuwa inaurudisha tu, ulitoka bondeni, kwenye kijito tulikooshea vyombo. Nikashuka katika ukungu, umande unanilowesha mpaka magotini, siioni hata miguu yangu. Ko, ko. Nikafika. Nakomba alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe la kuoshea, mbele yake rundo la sahani. Alikuwa ameweka moja juu ya mchanga, msumari katikati, jiwe mkononi. Aliniona, hakuacha. Akapiga mara ya mwisho, akauinua msumari, akaiweka sahani kando kwa upole, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Unatuua," nikamwambia.

"Najua."

"Kwa nini?"

Akaniambia mume wake alikuwa mmoja wa wale walionyongwa. Kwao, akasema, kama ilivyokuwa kwetu sote, mtu akifa chombo chake hutobolewa na kuwekwa juu ya kaburi. Nililijua hilo, ni nani asiyelijua. Chombo kizima huwaita wafu warudi kula. Ukikitoboa, nacho kimekufa, basi mwenyewe anakwenda na chake na walio hai wanabaki na vyao. Mume wake alikula katika mojawapo ya sahani hizi, kisha ikarudi rafuni ikiwa nzima, na kila adhuhuri anasimama pale mezani na mikono yake michafu akitazama mwingine anakula. "Kila usiku namwota," akasema. "Haniambii kitu. Anaficha mikono nyuma."

"Basi toboa ya kwake, uziache nyingine."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Ni ipi?" akasema. "Niambie wewe uliyezibeba. Ni ipi, nitoboe hiyo moja?"

Zilikuwa zinafanana zote. Sijapata kusikia swali gumu kuliko hilo, na nimefanya kazi na wakaguzi wa serikali tatu.

Nilimwambia Bi Zaina. Sikuwa na njia nyingine, kamba ilikuwa yake pia. Alikuwa anakaanga vitunguu, akasikiliza mpaka mwisho bila kugeuka. Nilidhani atampeleka Nakomba bomani, na sitadanganya, nusu yangu ilitamani hivyo, maana tungepona. Alichosema ni hiki: "Amekuja kwangu akaomba, nikampokea. Huyo ni mtu wa nyumba yangu." Kisha akaipua kikaango, akajifunga kanga kiunoni, akashuka na Nakomba kijitoni, akaketi juu ya jiwe na kushika msumari yeye mwenyewe. Yeye, Mwislamu safi aliyekuwa akitucheka kwa mila zetu za matambiko. Wakatoboa zilizobaki zote, watu wawili kwa zamu, na mimi nikishikilia. Niliuliza mgeni mkubwa atakula katika nini. Tuliporudi Bi Zaina aliniambia nichimbe chini ya mafiga ya jiko la nyuma, na pale, ndani ya gunia na majivu, palikuwa na sahani za kauri za maua mekundu, alizopewa na mumewe siku ya harusi yao. Askari walipovunja kila kitu, hizo hazikuonekana. Hakupata kuzilia chakula hata mara moja. Akazipangusa, akazihesabu kwa macho, akalia kidogo.

Mgeni alitarajiwa siku hiyohiyo. Kabla ya adhuhuri Bi Zaina alikwenda mwenyewe kwa Bwana Miwani, mimi nyuma yake na sahani moja ya kauri mikononi. Alikuwa barazani, anakula papai kwa kisu.

"Bwana," akasema Bi Zaina kwa ile sauti yake ndogo, "mgeni mkubwa hawezi kulia katika sahani za gerezani. Nimeleta zangu."

"Sahani gani za gerezani?"

"Hizi za bati. Bwana aliagiza mwenyewe, tuwapelekee wafungwa chakula. Siku ile kabla ya kamba."

"Mlipeleka zipi?"

"Zote, bwana. Nyumba haina nyingine."

Nilitazama mikono ya Bwana Miwani. Kwa mara ya kwanza ilisema kitu. Kisu kilisimama, kidole gumba kikaanza kusugua vidole vingine, taratibu, kama vina gundi. Alikuwa amezilia sahani zile tangu mvua mpaka kipupwe, mchana na jioni. Nadhani alikuwa amesahau agizo lake mwenyewe, kwa sababu kwake lilikuwa agizo tu. Alitazama papai lake, akaliweka chini. Hakuuliza tena habari za matundu, siku ile wala baadaye.

"Zitupeni," akasema. "Leo. Mbali."

Tukazitia katika vikapu vitatu. Bi Zaina mbele, Nakomba katikati, mimi nyuma na birika langu limejaa. Mchana kweupe, lakini ukungu haukuwa umeondoka siku ile, na boma lilionekana kama moshi uliosimama. Nyuma yake, kwenye lile shimo lililofukiwa, shaushi mwenyewe alikuwa zamu.

"Simama. Mnapeleka nini?"

"Takataka za bwana," akasema Bi Zaina. "Ametutuma tukazitupe mbali."

"Hapa hapana ruhusa."

"Zitazame basi, uniambie wewe tuzitupe wapi." Akafunua kikapu. Shaushi akaona ukingo wa buluu, akaona matundu. Akarudi nyuma hatua moja, akainua mkono wake kama anayekinga jua. Akaliona birika. "Na hilo?"

"Maji ya kunawa," nikasema. "Tukimaliza kushika takataka."

Sijui kwa nini alituacha. Nadhani aliogopa sahani zile kuliko alivyoogopa bwana wake. Aligeuka, akatupa kisogo, akasimama hivyo, bunduki begani, akitazama ukungu. Tukazipanga juu ya udongo, zikitazama juu, moja moja, kama meza ilivyotandikwa. Nikaanza mwanzo wa safu. Maji kama uzi. Yaliingia sahanini, yakazunguka, yakapita tunduni, udongo ukayanywa kwa mlio mdogo wa koo. Nakomba alinifuata akiwa amechuchumaa, na kwa kila moja alisema, "Nawa, dadi," yaani baba, basi. Sahani ya pili, ya tatu, zote vivyo hivyo. Karibu na mwisho wa safu nikamimina, na maji hayakushuka. Yalikaa, yamejaa mpaka ukingoni, yametulia. Tundu nililiona chini ya maji, wazi kabisa. Tukangoja. Bi Zaina akaanza kusoma dua kimoyomoyo. Huenda udongo ulikuwa umeziba kwa chini, siku zote nimesema huenda ni udongo. Nakomba akaweka mikono yake miwili ndani ya sahani ile, mpaka viganja vikazama, akaiacha humo muda mrefu, akisugua taratibu, kama mtu anayenawa pamoja na mwenzake katika chombo kimoja. "Ni hii," akasema. Maji yakashuka. Alipotoa mikono ilikuwa na udongo mwekundu mpaka viwikoni. Sijui aliupata wapi, bati lilikuwa safi.

Mgeni mkubwa alikula vizuri, akasifu maua mekundu, na alipoondoka akaondoka nazo, zikafungwa katika majani makavu kama zawadi. Bi Zaina aliinama akamshukuru. Alirudi Tunduru mwaka uliofuata, akaniachia birika na ile nyumba, na ndiyo hoteli yangu ilipoanzia. Nakomba aliolewa tena upande wa Hanga, akazaa, akazeeka. Hakuota tena, aliniambia. Kila akija mjini nilimnawisha mimi mwenyewe, hata nilipokuwa na wafanyakazi kumi, na alikula katika sahani ya bati niliyomnunulia, yenye ukingo wa buluu, kwa sababu alisema katika kauri chakula hakina kumbukumbu.

Nilikwenda Hanga na mjukuu wake kwa basi la asubuhi. Wamemzika vizuri, kwa sala na nyimbo, msalaba umepakwa chokaa. Watu walipoanza kutawanyika nikabaki, nikatoa kifurushi changu. Yule mjukuu, kijana wa shule, mpole, akaniona.

"Bibi, hiyo sahani mbovu ya nini?"

"Takataka tu, baba," nikamwambia. "Nimetumwa nikaitupe."

Akacheka kwa adabu, akaenda kuwangoja wenzake kivulini. Nikaiweka sahani juu ya udongo, miguuni pa msalaba. Magoti yangu si yale, nilichukua muda kuinama. Nikatoa birika, nikamimina kama nilivyofundishwa, uzi mwembamba, bila kurusha tone. Maji yakajaa, yakakaa. Yalikuwa yametulia, na ndani yake niliona mawingu, msalaba, na kichwa changu cha mvi. Tundu lilikuwa wazi. Nikangoja mpaka kijana akaniita kwamba basi linakuja. Nikakumbuka kofi la Bi Zaina begani mwangu, na onyo lake. Lakini yule nilikuwa namjua.

"Karibu, Nakomba," nikasema. "Nawa, chakula tayari."

Maji yakashuka yote kwa mara moja. Nikafuta mikono yangu kwa kanga, nikachukua birika, nikaenda kupanda basi, maana hotelini walikuwa wananingoja kwa chakula cha jioni.